Je, Wajua? Siku za Kuhesabu Kabla ya Kuondoka Faza

Je, wajua kwamba sindano ya homa ya manjano uliyochomwa leo haitambuliwi na nchi yoyote mpaka zipite siku 10? Kanuni za Afya za Kimataifa ndizo zinazosema hivyo, na sababu yake imo mwilini wala si ofisini. Chanjo hii ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na damu yako inahitaji siku hizo ili ijenge kinga ya kutosha. Kwa hiyo afisa wa afya anapoifungua kadi yako ya manjano, yaani cheti cha chanjo, katika uwanja wa ndege, hatafuti muhuri peke yake. Anasoma tarehe.

Mkazi wa Nairobi huenda asizione siku 10 kuwa nyingi. Mtu wa Faza, kisiwani Pate, ana hesabu nyingine. Kwanza kuna maji: boti ya kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, hufuata kujaa na kupwa, si saa ya ukutani. Kisha kuna kuvuka hadi Mokowe, kisha basi la Mombasa, maana chanjo hii kwa wasafiri hutolewa katika vituo vilivyoidhinishwa tu, vingi vikiwa katika miji mikubwa, bandarini na viwanja vya ndege, na kadi lazima ipigwe muhuri rasmi wa kituo hicho. Hata ukifika mlangoni, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Chanjo huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, mara nyingi kichupa cha watu 10. Kikishachanganywa na maji yake, kinachobaki hutupwa baada ya saa 6. Ndiyo maana vituo vingine huwakusanya wasafiri kwa siku maalumu ili dawa isimwagwe. Piga simu kwanza. Nauli ya kutoka Faza hadi Mombasa ni nzito mno kuitumia kwenda kuambiwa urudi Alhamisi.

Na zipo hesabu nyingine. Chanjo mbili zilizo hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, hutolewa siku moja. Zisipotolewa siku moja, kwa kawaida huachanishwa kwa wiki 4. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huhitaji sindano 3, na katika mpango wa kawaida huchukua miezi 6. Madaktari wa wasafiri hushauri mtu aanze wiki 4 hadi 6 kabla ya safari. Mimi ningemwambia mtu wa kisiwa cha Pate aanze wiki 8 kabla, kwa sababu bahari ya kusi huweza kumlia siku nyingi bila kumwomba ruhusa.

Je, wajua kwamba kadi yako ya zamani inayosema miaka 10 huenda bado ni hai? Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha homa ya manjano hudumu maisha yote ya mwenye nacho, hata kama juu yake kumeandikwa mwisho wa miaka 10. Sindano moja yatosha kwa watu walio wengi. Mzee aliyechanjwa kwa Hija ya mwaka 2009 na akaitunza kadi yake sandukuni hana haja ya kuchomwa tena wala kulipa tena. Aliyeipoteza ndiye mwenye kazi, na hilo ni sababu tosha ya kuipiga picha kadi na kuiweka pamoja na pasipoti.

Wajua pia kwamba kaunti ya Lamu imekuwa ikiwekwa na Shirika la Afya Duniani katika zile sehemu za Kenya ambazo mgeni anayeishia huko hahimizwi kuchanjwa homa ya manjano? Hatari ya ugonjwa huo pwani yetu ni ndogo. Milipuko inayokumbukwa Kenya ilitokea mbali: bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993, kisha Isiolo mwaka 2022. Lakini mlinzi wa mpaka wa nchi nyingine haulizi umetoka kaunti gani. Anasoma neno Kenya kwenye pasipoti. Saudi Arabia humtaka cheti kila msafiri aliyezidi miezi 9 anayetoka katika nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya imo. India nayo ni kali zaidi: atokaye katika nchi hizo akaingia bila cheti halali aweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Ukali wa India una maana. Bara la Asia lina mbu wale wale wanaoeneza homa ya manjano, lina joto lile lile na miji iliyosongamana, lakini ugonjwa wenyewe haujawahi kukita mizizi huko. Mwaka 2016 hofu hiyo nusura itimie. Homa ya manjano ilipolipuka Angola, wafanyakazi 11 wa Kichina walirudi nayo kwao, na ikawa mara ya kwanza katika historia kwa wagonjwa wa namna hiyo kuthibitishwa Asia. Kenya nayo ilipokea wagonjwa wawili waliotoka Angola. Chanjo ziliadimika duniani, kwa maana kirusi cha chanjo hukuzwa ndani ya mayai ya kuku na utengenezaji wake ni wa polepole. Mjini Kinshasa mamilioni ya watu walichanjwa kwa moja ya tano ya dozi. Baadaye uchunguzi uliofanywa Mbarara, Uganda, na Kilifi, kwetu pwani, ulionyesha kwamba dozi hiyo ndogo hujenga kinga inayolingana na ile kamili. Hata hivyo haikubaliwi kwa cheti cha safari. Msafiri lazima apate dozi nzima.

Aliyeitengeneza chanjo hii ni Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Kirusi alichokidhoofisha kilitoka katika damu ya mgonjwa mmoja wa Ghana aitwaye Asibi, mwaka 1927. Asibi alipona. Kila kadi ya manjano duniani ina deni kwa Mwafrika huyo, na ni haki jina lake litajwe.

Je, wajua kwamba sindano ya Hija ya homa ya uti wa mgongo ilizaliwa na msiba? Mwaka 1987 ugonjwa huo uliwashika mahujaji Makka na wakarudi nao katika nchi nyingi. Miaka miwili baadaye Nairobi ikapata mlipuko mkubwa wa kimelea cha kundi A, jamaa moja na kile kilichotoka katika Hija ile. Baada ya mwaka 1987 Saudi Arabia ikaifanya chanjo kuwa sharti. Lakini chanjo iliyotumika wakati huo ilikinga kundi A na C tu. Mwaka 2000 likaja kundi W135. Wapo mahujaji waliorudi makwao wazima kabisa, kimelea kikiwa kooni mwao bila wao kujua, na walioanguka ni watu wa nyumbani waliowapokea kwa kukumbatiwa. Mama aliyebaki, mtoto mdogo, jirani aliyekuja kupewa tende na maji ya zamzam.

Ndipo tangu mwaka 2002 ikatakiwa chanjo ya makundi manne: A, C, W135 na Y. Nayo ina hesabu yake: ichomwe siku zisizopungua 10 kabla ya kuwasili. Zipo aina mbili. Moja huhesabiwa kuwa halali kwa miaka 3, nyingine kwa miaka 5, na hiyo ya pili ina faida kubwa kwa sababu husaidia pia kuzuia kimelea kisikae kooni. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, uliza hiyo ya pili. Hapo unajikinga wewe na unamkinga mjukuu atakayekukimbilia gatini.

Kabla ya sindano palikuwa na visiwa. Wajua kwamba mahujaji waliopanda kutoka kusini mwa Bahari ya Shamu, wakiwemo wa Afrika Mashariki, walishushwa katika kisiwa cha Kamaran, karibu na pwani ya Yemen? Waturuki wa Dola ya Uthmaniya walifungua kituo cha karantini hapo mwaka 1882. Mizigo ilifukizwa, watu walikaguliwa, siku zikahesabiwa. Chanzo chake ni kipindupindu cha mwaka 1865, kilichoua mahujaji takriban 15,000 Makka na kuenea hadi Ulaya na Marekani. Upande wa kaskazini palikuwa na kituo kingine, El Tor, katika Sinai. Mwaka 1905 daktari aliyefanya kazi hapo alitoa katika matumbo ya mahujaji waliofariki aina ya kimelea cha kipindupindu iliyopewa jina la kituo hicho. Aina hiyo ndiyo iliyoanza kuizunguka dunia mwaka 1961 na kuingia Kenya mwaka 1971. Mpaka leo ndiyo inayotusumbua.

Zanzibar nayo ilikuwa na Changuu. Jengo lake lilijengwa miaka ya 1890 liwe jela, lakini likaishia kuwa mahali pa kuwaweka abiria wa meli zilizotoka India na kwingineko mpaka ijulikane kama wana ugonjwa. Watalii wanaokwenda leo kuwapiga picha kobe wake wakubwa hutembea juu ya ardhi ambayo babu wa mtu fulani alikaa akiutazama mji aliokuwa hajaruhusiwa kuuingia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mtoto wa visiwa vya Lamu angepaswa kulisoma shuleni. Je, wajua kwamba mojawapo ya milipuko mikubwa ya ugonjwa katika Bahari ya Hindi ilianzia mlangoni petu?

Mwaka 2004, katikati ya ukame, watu wa Amu walianza kushikwa na homa kali na maumivu ya viungo yasiyosemeka. Mtu alishindwa kushika kikombe, mwingine alishindwa kuinuka kwenye swala. Wengi walidhani ni malaria. Ilikuwa chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza miaka ya 1952 na 1953 katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Mlipuko ulifika kilele mwezi Julai. Watafiti waliokuja baadaye kupima damu za wakazi walikadiria kwamba asilimia 75 ya watu wa kisiwa hicho, kama 13,500, waliambukizwa katika miezi michache. Tatu katika kila wanne.

Tena ukame ndio uliosaidia ugonjwa. Mvua zikikosa, kila nyumba huweka maji: kwenye madumu, mapipa na mitungi, na hayamwagwi ovyo kwa sababu ni ghali. Mbu wa chikungunya, ambaye pia hueneza kidingapopo, hapendi kinamasi. Hutaga mayai katika maji masafi yaliyotulia karibu na watu, na huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa.

Kisha ugonjwa ukasafiri. Mwishoni mwa mwaka 2004 ulikuwa Mombasa. Mapema mwaka 2005 ulikuwa Komoro, ambako ulishika zaidi ya nusu ya watu wa Ngazija. Ukaenda Mayotte, Mauritius na Seychelles. Kisiwani Réunion, mwaka 2005 na 2006, uliwapata watu wapatao 266,000, yaani mmoja katika kila watatu. Huko kirusi kikapata badiliko dogo katika vinasaba vyake lililokiwezesha kubebwa vizuri na mbu wa aina nyingine, anayestahimili hata nchi za baridi. Mwaka 2006 India ilihesabu zaidi ya watu milioni moja walioshukiwa kuugua. Mwaka 2007 msafiri mmoja aliyetoka India aliwatembelea jamaa zake Italia, na kijiji cha Castiglione di Cervia na majirani zake wakapata wagonjwa zaidi ya 200. Wataalamu walipoifuata nasaba ya kirusi hicho nyuma, njia iliwarudisha pwani ya Kenya mwaka 2004.

Mbu hakusafiri na jahazi kutoka Amu hadi Italia. Kilichosafiri ni damu ya watu wenye homa. Katika wiki ya kwanza ya kuugua, mgonjwa wa chikungunya ana virusi vingi mwilini, na mbu wa aina hizo aliye mahali alipo akimuuma aweza kuwa mbebaji mpya. Kwa hiyo tahadhari ya kwanza ya msafiri ni kutosafiri akiwa na homa, na ya pili ni kulala ndani ya chandarua hata mchana homa inapompata ugenini. Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu ilipitishwa Marekani Novemba 2023, lakini si kitu cha kawaida katika kliniki zetu. Kwetu kinga ni kifuniko cha pipa.

Hapo nina neno kwa watu wa Faza, Kizingitini, Siyu na Tchundwa, ambako maji matamu ni ya mvua na ya jabia. Mafundi wa zamani wa Amu walikuwa na dawa nzuri: ndani ya birika za nyumba na misikiti waliweka visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Hakuna aliyewafundisha kirusi ni nini. Waliona, wakajaribu, wakaiacha kazi hiyo kwa warithi wao. Pale ambapo samaki hafai, kama kwenye tangi la plastiki, wavu wa kufunika mdomo wa tangi hufanya kazi hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba kisiwa huikumbuka surua kwa miaka 65? Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, vilipata surua mwaka 1781, kisha vikakaa bila hata mgonjwa mmoja mpaka mwaka 1846, alipokuja fundi seremala mmoja kutoka Copenhagen akiwa nayo. Katika watu wasiofika 8,000, kama 6,000 waliugua ndani ya miezi michache. Daktari kijana aitwaye Peter Panum alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza na kuandika. Akagundua kwamba wazee walioipata mwaka 1781 hawakuguswa hata mmoja. Ni katika daftari lake ndipo dunia ilipoona wazi kwamba kinga ya surua hudumu maisha. Sisi wa visiwani tulielewe hilo vizuri: bahari hukinga mpaka siku inapomleta mgeni mmoja, na siku hiyo wote wasio na kinga wako nyumba moja. Mtoto wa Faza anayepelekwa Jeddah au London kuwaona jamaa akaguliwe kitabu chake cha kliniki kwanza, na anayeletwa Faza kutoka huko akaguliwe vilevile.

Ndui haimo tena katika kadi ya msafiri yeyote, na mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya asili alikuwa mtu wa pwani hii hii, ukishika kaskazini ukaipita Kiunga, Kismayu na Barawa. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali ya Marka, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari kuwaelekeza njia waliokuwa wakipeleka watoto wawili wagonjwa kambini. Safari yenyewe ilikuwa fupi, lakini hakuwa na chanjo. Alieleza baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Alipona, na Oktoba 1979 ikatangazwa mjini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika haina tena ndui; mwaka uliofuata ikatangazwa dunia nzima. Maalin aliishi miaka mingi akiwaendea wazazi wa Kisomali nyumba kwa nyumba kuwasihi wawachanje watoto wao polio, akiwasimulia yaliyompata yeye. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo. Simjui shahidi wa chanjo aliyestahili kusikilizwa kuliko yeye.

Na kabla friji hazijakuwepo, wajua chanjo ya ndui ilivukaje bahari? Mwaka 1803 Wahispania walipotaka kuifikisha Amerika, waliwapandisha melini watoto yatima 22. Waliwachanja wawili wawili. Vipele vya hao vikiiva, usaha wake uliwachanja wawili wengine, mpaka wakafika. Leo kinachohitajika ni baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kuanzia kiwandani hadi kisanduku cha barafu kinachoteremshwa botini. Boti ikikwama mchangani kwa maji kupwa, hesabu ya barafu nayo inakimbia. Wauguzi wa visiwani wanaoifanya kazi hiyo kila mwezi wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Je, wajua kwamba mabaharia wa Vasco da Gama waliyatamani machungwa ya pwani yetu kama dawa? Januari 1499, wakirudi kutoka India baada ya karibu miezi mitatu baharini, walikuwa wamefiwa na wenzao 30 kwa kiseyeye, na kila chombo kilibaki na watu 7 au 8 wenye nguvu za kazi. Karibu na Pate mashua za watu wa kisiwa ziliwatokea, nao wakazifyatulia mizinga. Siku chache baadaye wakafika Malindi na jambo waliloliomba haraka kwa wagonjwa wao ni machungwa. Sababu ya tunda hilo kutibu ilichukua zaidi ya miaka 400 kuelezwa kisayansi.

Wajua nani hupata malaria zaidi huko Uingereza? Si mtalii wa mara ya kwanza. Walio wengi ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwaona jamaa zao wakarudi. Mtu aliyekulia Faza akiumwa na mbu kila msimu hujenga kinga ya kiasi, lakini kinga hiyo hupungua akikaa miaka michache Maskati, Dubai au London, naye bado anajiona ni mwenyeji. Watoto wake waliozaliwa huko hawana kabisa. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019 ni ya watoto wadogo wa maeneo yenye ugonjwa, si ya msafiri mtu mzima. Anayerudi likizo anahitaji chandarua na vidonge vya kinga. Aina nyingine huanzwa siku 1 au 2 kabla, nyingine wiki 2 hadi 3 kabla, na zote huendelezwa baada ya kuondoka, kati ya siku 7 na wiki 4 kutegemea dawa. Wengi huziacha siku ile ile wanapopanda ndege, na hapo ndipo malaria hupata upenyo. Homa ikikupata hata miezi miwili baadaye, mwambie daktari wa huko kwamba ulikuwa Kenya. Asipoambiwa huenda asiiwazie malaria.

Kwa vijana wanaotafuta kazi Ghuba, kuna medikali. Hupimwa kifua kwa picha, virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C na mengineyo. Jambo moja ni muhimu walijue: chanjo ya homa ya ini B yaweza kukifanya kipimo chake kuonyesha una ugonjwa kwa muda, hata hadi siku 18 baada ya sindano. Kwa hiyo jichanje mapema, au usubiri baada ya medikali, usikosane na riziki yako kwa kuchanganya tarehe.

Dawa za mfukoni nazo zina sheria. Tramadol na kodeini, ambazo watu hupewa kwa maumivu ya mgongo, hudhibitiwa vikali Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Bila cheti cha daktari na kibali, mtu aweza kufungwa. Miraa ndiyo kabisa, usiiguse. Insulini ibebe mkononi, kwa kuwa katika shehena ya ndege yaweza kuganda na kuharibika.

Na yapo yasiyo na sindano. Katika Hija ya mwaka 2024 joto lilipita nyuzi 50, na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301. Asilimia 83 ya waliofariki walikuwa hawana kibali rasmi, wakatembea jua kali bila mahema yenye ubaridi wala mabasi. Mwenye kisukari au shinikizo la damu azungumze na daktari wake kuhusu maji na dozi kabla ya kwenda, aanze kuzoea kutembea miezi kadhaa kabla, na asikubali safari ya mlango wa nyuma hata ikiwa nafuu.

Vivyo hivyo kadi ya manjano ya kununua. Wapo wanaouza muhuri bila sindano, na wapo wanaonunua kwa kuogopa foleni. Kadi hiyo huenda ikakupitisha dirishani, lakini mbu hasomi karatasi, na utakayemrudishia ugonjwa ni mtu wa nyumbani kwako.

Kama una mzazi aliyeandikwa kwa Hija ijayo, usingoje wakala akupigie simu. Mpeleke hospitali ya Faza wiki hii akapimwe shinikizo na sukari, uliza chanjo ya uti wa mgongo na ya homa ya manjano zitapatikana wapi na siku gani, kisha andika tarehe ya ndege na uhesabu kurudi nyuma.